Boksi Lililoketi Miguuni pa Eno

Mpraeso, Kwahu
18 Oktoba 1998

Mdogo wangu Dufie,

Huku mlimani ukungu umeingia hadi sebuleni, na kaka yako nimeongezeka kilo mbili, zote mbele. Mke wangu Birago hajambo. Mama yetu Eno ametimiza miaka themanini na minane kwa hesabu yake mwenyewe. Goti linamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Kila juma ananiuliza, "Dufie huko Botswana anakula nini? Mihogo ipo?" Namwambia ipo nyama, tele. Anasema nyama si chakula, nyama ni kitoweo.

Sasa, hiyo kompyuta yako. Imefika salama na mizigo ya yule mwalimu anayerudi nyumbani, bila mkwaruzo. Mtaa mzima umekuja kuiona, hata watu ambao hawajakanyaga kwangu tangu nilipowafelisha watoto wao. Kioo nimekiweka juu ya meza ya redio. Kwa kuwa meza ni ndogo, lile boksi lenyewe, ambalo uliniambia ndilo lenye akili, limekaa sakafuni, miguuni pa Eno. Birago amelifumia kitambaa cha lesi, kama alivyofanya kwa redio, kwa jagi la maji, na kama angepata nafasi, kwa kipara changu.

Kazi uliyonipa naikumbuka. Niandike majina ya ukoo kama Eno anavyoyajua, kuanzia bibi yule aliyepanda mlima huu na kikapu kichwani, ili wakati wa Pasaka, Wakwahu wote wanaporudi nyumbani, niyasome mbele ya ukoo. Hakuna mwingine aliyebaki anayeyajua. Nilipomwomba, alinitazama jinsi ninavyowatazama watoto wa darasa la tatu.

"Nitayasema mara moja tu," akasema. "Marehemu si kuku, kwamba utawaita asubuhi na jioni."

Nikatoa kalamu. Akaikataa. Daftari la baba liliishia tumboni mwa mchwa, na yeye hataki wazee waliwe mara ya pili. Kwa hiyo Dufie, atakachosema ni lazima kiingie kwenye mashine na kibaki humo. Hatuna kamba nyingine.

Tumeanza Jumatatu. Naandika kwa kidole kimoja, kile kile ninachowanyooshea wanafunzi. Na Eno hataji jina la mtu aliyekufa kabla ya kutimiza adabu zake, unazijua, basi tunakwenda polepole. Tulipofika jina la tisa, kioo kikawa cheusi. Kimya! Nilishtuka nikasimama na kiti kimenikwama nyuma. Baada ya saa nzima ikakubali kuwaka, haina hata haya. Majina saba yalikuwemo. Mawili ya mwisho niliyaokoa kichwani mwangu, ambamo hamkuwa na msongamano.

Hebu niambie, kompyuta hii umeitoa kwa nani? Eno naye anauliza: aliyekupa ni mwanamume au mwanamke?

Kaka yako,
Ofosuhene


Gaborone
15 Novemba 1998

Kaka Ofosu,

Barua yako imetembea wiki nne. Nadhani ilikuja kwa miguu. Mimi ni mzima. Wodini tumejaa, joto limefika pale ambapo wagonjwa na wauguzi hatujulikani nani mwenye homa. Mbusie Eno goti. Mwambie mihogo haipo ila maboga yapo.

Kaka, nimeshangaa. Kuzima yenyewe? Aliyekuwa nayo ameitumia miaka sita haijamzimikia hata siku moja! Ni mtu wa kuandika kila kitu. Ana daftari la hiyo mashine, kama kadi ya kliniki: siku aliyoinunua, siku alizoipangusa vumbi, siku aliyobadilisha feni. Nimelisoma lote. Ukurasa mzima wa mwaka 1995 umeandikwa neno moja: "Nzima."

Yeye anasema tatizo ni umeme wenu wa zamu. Tafuta stebilaiza. Na umwambie Birago alivue hilo boksi lesi, linapumua kwa mgongo. Halafu kila siku unakili kazi kwenye zile diski za mraba nilizotia kwenye mfuko. Usicheze, kaka. Eno hatasema mara mbili, mimi na wewe tunamjua.

Aliyenipa ni mtu wa kazini tu. Wa stoo.

Dufie


Mpraeso
13 Desemba 1998

Dufie mpendwa,

Upepo mkavu wa harmatani umeshuka na vumbi lake, midomo imepasuka, na kwaya imeanza mazoezi ya Krismasi bila sauti yangu. Mwalimu wa kwaya amenishukuru kwa uamuzi huo kabla sijauchukua. Eno amepokea habari ya maboga kwa masikitiko. Habari ya "mtu wa kazini tu" aliirudia mara mbili, akacheka na ufizi wake.

Stebilaiza nimenunua. Lesi imevuliwa, na Birago kaomboleza siku tatu. Bado inazimika! Nikaona nifanye ninachokiweza: nikafungua rejista, kama ya wanafunzi. Ikiamka naipa alama, ikizimia naipa sifuri. Na hapa ndipo nywele zilinisimama. Nikiandika mitihani ya shule, inakwenda kutwa nzima kama ng'ombe wa kulimia. Nikiandika barua ya mkaguzi, haipepesi. Lakini Eno akikaa kwenye kiti chake, akafumba macho, akaanza majina, haifiki mbali. Nilimwonyesha katekista wetu rejista hiyo. Aliisoma, akavaa kofia yake, akaondoka bila kumaliza chai.

Na diski zako haziingii. Zinafika nusu mdomoni, zinagoma.

Lililo kubwa sikutaka kuliandika, lakini nitaliandika. Alhamisi tulimaliza. Majina sitini na moja, Dufie! Eno akatoa na maneno yake ya kufungia. Mimi nilikuwa naandika tu macho chini kwenye herufi, kama mwanafunzi wa imla, sijui hata alisema nini. Nikabonyeza kuhifadhi. Eno akamalizia adabu zake. Pa! Cheche moja, moshi kidogo, na harufu. Tangu Alhamisi haijawaka tena. Nimebonyeza mpaka kidole kimevimba, na unajua sina kingine cha kuandikia.

Nilimwambia Eno kwa upole kwamba huenda tukahitaji kurudia. Akanijibu, "Nilisema mara moja. Wameshakwenda zao kupumzika."

Mimi sijui kilichoiua. Muulize huyo mtu wako wa stoo kama hakukupa mgonjwa aliyepakwa poda.

Ofosuhene


Gaborone
10 Januari 1999

Kaka,

Heri ya mwaka mpya, kwa wenye heri.

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye korido, nikakaa chini kwenye sakafu, mimi na sare yangu nyeupe. Majina yote! Nimekumbuka nilivyokuwa mtoto nikimsikia Eno akiyanong'ona jikoni, nikasema nitayashika nikiwa mkubwa. Sikuyashika. Nilikwenda kusoma unesi.

Nikanyanyuka, nikaenda moja kwa moja stoo. Yeye anaitwa Rra Mogomotsi; Rra huku ni bwana, na Mma ni bibi. Alikuwa anahesabu mashuka. Walikuwepo watu wanne pale, nikamwambia mbele yao wote: "Ulinipa takataka ukaniita rafiki! Umewazika wazee wangu sitini na mmoja!" Aliweka kalamu mezani, akaenda kwenye kabati lake, akarudi na lile daftari, akalishika kwa mikono miwili jinsi wanavyotoa vitu huku kwa heshima. Akasema, "Mma Dufie, mashine hii haikunidanganya siku hata moja. Na mimi sikukudanganya." Akarudi kwenye mashuka yake. Alianza kuhesabu upya, kutoka moja.

Sasa nasikia ameomba uhamisho, Maun, mwisho wa dunia. Ndiyo hivyo.

Pasaka sitakuja. Nilikuwa nije na. Basi, sitakuja. Kazi ni nyingi.

Usiniulize kwa nini wino umesambaa hapo juu. Mvua ilikuwa inanyesha.

Dufie


Mpraeso
7 Februari 1999

Dufie wangu,

Salamu nitazitoa mwishoni, nikiwa bado nastahili kupokelewa.

Barua yako nilimsomea Birago. Nilipofika kwenye "nilikuwa nije na. Basi," nikasema shangazi wa watu amesahau kumaliza sentensi, muuguzi gani huyu. Birago akaacha kutwanga. "Na wewe ndiye mwalimu mkuu?" akaniuliza. "Mwanamke aliyekaa ujane miaka minane anaandika 'nilikuwa nije na,' halafu nukta, halafu mvua inanyesha juu ya nukta, wewe unatafuta kosa la sarufi?"

Dufie, ningejua! Naapa ningesema mapema. Sasa kaa chini, lakini si sakafuni.

Zile adabu za Eno. Kila jina, anammiminia marehemu kidogo kutoka ile chupa ya kijani ya pombe kali. Anamimina wapi? Sakafuni, mbele ya miguu yake. Na mbele ya miguu yake alikuwa amekaa nani? Siku ya kwanza kabisa niliona tone linateleza ubavuni mwa boksi. Nikalipangusa kwa leso. Ningeweza kulisogeza kwa mkono mmoja! Lakini Eno alikuwa amefumba macho, anaongea na mama yake. Nani wa kumwambia, "Samahani, wasogeze babu zako kidogo, wanalowesha mashine"? Si mimi. Mimi huogopa hata kumwambia chumvi imezidi. Nikanyamaza, na nilipoona mambo yameharibika, nikamsukumia mtu nisiyemjua.

Juzi nililibeba boksi, nikateremka nalo Nkawkaw kwa Tawiah, fundi wa redio. Akafungua skrubu, akainamisha pua.

"Mwalimu," akasema, "hii kompyuta inakunywa?"

"Inakunywa vipi?"

"Nimefungua redio za baa zote za mji huu. Zinanuka bia. Hii yako inanuka sherehe."

Nikatazama dari. Akachukua koleo, akaingiza kwenye ule mdomo wa diski, akavuta kitu, akakiweka kwenye gazeti. Akavuta kingine. Akakaa kimya. Fundi Tawiah, mtu asiyenyamaza hata akinyolewa!

"Mwalimu, hiki ni kiazi kikuu. Kimepondwa, na mawese. Na hili," akaligeuza kwa ncha ya koleo, "hili ni yai."

Dufie! Chakula cha wazee! Kile kile tunachowawekea siku za sikukuu. Eno alikuwa akikitia kidogo kidogo kwa kijiko, mimi nikiwa shuleni. Ndiyo maana diski ziligoma. Mdomo ulikuwa umejaa.

Nilirudi nikamkuta anachambua dagaa. "Eno, umeilisha mashine?"

Hakuinua hata kichwa. "Unaweza kumnywesha mgeni bila kumpa chakula? Nilikulea hivyo?"

Tawiah anasema kule ndani kuna kijisanduku cha chuma kinachotunza maandishi, kimefungwa vizuri, huenda hakikulewa. Lakini viungo vinavyokizunguka vimekufa, itabidi atafute vingine Accra. Haahidi kabla ya Pasaka, wala haahidi kabisa. Wanaorudi kwa Pasaka wameshaanza kupaka nyumba zao rangi, na mimi sina jina hata moja la kusoma.

Nimeambatanisha barua kwa Rra Mogomotsi. Nimeandika kwa mkono wangu: mashine yake haina kosa, dada yangu hana kosa, kosa lina kipara na linafundisha hesabu. Mpe kabla hajaenda huko mwisho wa dunia.

Na sasa salamu. Sote hatujambo, ila mimi.

Ofosuhene


Gaborone
3 Machi 1999

Kaka Ofosu wewe,

Yai!

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa hasira, mara ya tatu matroni alikuja kuuliza nani anacheka wodi ya upasuaji. Nikikuona nitakupiga kwa hilo daftari la rejista. Kisha nitakupikia.

Ilinifikia tarehe ishirini na sita. Rra Mogomotsi alikuwa aondoke tarehe mosi. Nilimkuta anafunga maboksi, kila moja limeandikwa kilichomo kwa mwandiko ule wake. Nikampa barua yako. Akaisoma amesimama. Sikuona kitu usoni. Mungu alimpa uso wa mlango. Akatoa daftari mfukoni, kumbe bado anatembea nalo, akaandika. Nikachungulia: "Ilikunywa. Ilikula." Akapiga mstari.

Nikamwomba msamaha mbele ya wale wanne. Nilikwenda nikawaita mmoja mmoja, hata yule aliyekuwa likizo. Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani yameisha. Akauliza swali moja tu.

"Mama yako ni mtu mwenye akili?"

"Kuliko sisi sote."

"Basi hakukosea. Huku kwetu mtu hampi chakula asiyemtambua. Alikuwa anamlisha nani?"

Basi, sasa unajua, Birago anajua, na stoo nzima inajua. Nilitaka nije naye Pasaka. Nilishindwa kuandika, uso wa miaka arobaini na minne uliona haya mbele ya stempu. Amesogeza safari ya Maun hadi mwisho wa Aprili. Hakusema kwa nini. Hajafungua maboksi, lakini hajayafunga kamba.

Muulize Eno, kaka. Muulize alikuwa anamlisha nani, uniandikie kama alivyosema, usiongeze ualimu.

Dufie


Mpraeso
6 Aprili 1999

Dufie, mdogo wangu mpenzi,

Mlima umejaa watu hadi kuku wamehamia paani. Goti la Eno limepona kwa muda wa sikukuu. Birago amefuma lesi mpya. Ataniambia ni ya nini akiwa tayari.

Nilimuuliza Eno siku ile ile barua yako ilipofika. Akanijibu, "Kwani hukuandika? Si ulikuwa unaandika?" Akakataa kusema zaidi. Mara moja ni mara moja.

Jumamosi ya Pasaka ukoo ulikusanyika uani, watu themanini na zaidi, viti vya kukodi, nguo bado za moto kwa pasi. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kuomba radhi. Nimefika kwenye "ndugu zangu, kuna mambo yaliyo nje ya uwezo wa binadamu," mara Tawiah anaingia getini, boksi kifuani kama mtoto wa kubatizwa.

"Msimtukane mgonjwa," akasema. "Anatembea. Ila asipewe tena chochote cha chupa."

Tukavuta waya kupitia dirishani. Sasa boksi likawekwa juu ya meza, na kioo kikawekwa juu yake. Mimi pia hujifunza, polepole. Tawiah akabonyeza. Feni ikakohoa, ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikaendelea, na kioo kikaja, buluu, kama asubuhi. Bibi wa kikapu alikuwepo. Walikuwepo wote, Dufie! Sitini na mmoja, na makosa yangu yote ya herufi.

Nikasoma. Kila jina, mtu mmoja mahali fulani uani aliitikia, "Ndiye aliyenizalia mama." Wajomba wenye vitambi kuliko changu walilia waziwazi. Nilipofika la mwisho nikaona yapo maneno mengine chini, yale ya kufungia, yale niliyoandika macho chini siku ile. Ningeacha kwanza niyasome kimoyomoyo. Lakini unanijua, nikianza kusoma kwa sauti sisimami mpaka kengele. Nikasoma mbele ya ukoo wote, kwa sauti ya mwalimu mkuu:

"Na mkwe wetu, mume wa Dufie, aliyetanguliza mzigo wake nyumbani kwetu kabla ya miguu yake, naye anywe, naye ale, naye akae. Hajafika, lakini njia ameshaionyesha."

Watu themanini wakanigeukia mimi, mimi nikamgeukia Eno.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Mwanamume ametunza kitu miaka sita, hakikuumwa hata siku moja, halafu anampa mwanamke akipeleke kwa mama yake, nchi nyingi kutoka kwao. Mlidhani amechoka kukipangusa? Ameketi miguuni pangu miezi miwili, ningemwacha na njaa?"

Dufie, nimeishi na mama huyo miaka hamsini na miwili. Nimepasi mitihani yote ya ualimu. Sentensi hiyo niliiandika mimi mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa kidole hiki!

Umeme wa zamu ukakatika hapo hapo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeshtuka. Tawiah alikuwa ameshanakili yote kwenye diski tatu. Mdomo sasa ni msafi. Moja inakuja ndani ya bahasha hii.

Eno ana maagizo, nayaandika alivyoyasema, sijaongeza ualimu. Aje mwenyewe, na wazee wake wawili, abishe hodi kama watu wanavyobisha. Alete chupa, ya kijani. Ng'ombe wa kwao awaache huko huko, mlima huu hawataupanda. Na anauliza kama daftari lake lina nafasi, aandike hivi: "Aprili 3. Imeamka. Imewataja waliokufa sitini na mmoja, na mmoja ambaye hajafika."

Mimi nimeongeza mstari wa sitini na mbili mwishoni mwa orodha, nikataka kulijaza jina lake, maana nalijua. Eno akanipiga mkono kwa upepeo. Anasema jina la mkwe huletwa na miguu yake. Basi kimstari kipo pale kwenye kioo kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, na boksi halijazimika tangu umeme uliporudi Jumamosi.

Kaka yako,
Ofosuhene